Mgeni wa Serikali, wa Njiani, wa Ukweni: Filamu Nne za Mfaransa na Mmarekani, Uchague Ipi?

Mtu akiniomba filamu ya mapenzi ya kuchekesha, ile ya Mfaransa na Mmarekani, huwa namwuliza kwanza ataitazama na nani. Wengi hushangaa. Wanadhani ni hadithi moja yenye majina tofauti: kuna mnara wa Eiffel, kuna mvinyo, watu wawili wanagombana kwa sababu lugha hazipatani, wanabusiana, basi. Jirani yangu alidhani hivyo. Jioni moja aliweka 2 Days in Paris sebuleni, na mama mkwe wake alikuwa amefika siku hiyohiyo kutoka Tanga. Nusu saa haikuisha ikazimwa, na chai ikanywewa kimyakimya. Filamu ile ni nzuri sana. Ila haikuwa ya jioni ile wala ya watu wale.

Kwa hiyo nimeamua kuziandika hapa nne ambazo watu huzichanganya: Green Card, French Kiss, 2 Days in Paris na 2 Days in New York. Zote nimezirudia mara nyingi na zote nazipenda, kila moja kwa sababu yake. Miisho yake sitaisema.

Ninazipima kwa mambo gani

La kwanza ni hili: nani ni mgeni, na ni mgeni wa nini? Hadithi ya wapenzi wa nchi mbili lazima imweke mmoja wao ugenini, na pale alipowekwa ndipo hadithi inapopatia uhai. La pili ni lugha, yaani Kifaransa ni kiasi gani na nani anamtafsiria nani. La tatu, kicheko chake ni cha namna gani na mapenzi yake yanaaminika kiasi gani. La nne, nani anaweza kuketi nawe mkiitazama. Hili la nne wachambuzi wengi hawaligusi, lakini katika nyumba zetu, ambako televisheni ni moja na waliopo ni watoto, wazee na mashemeji, ndilo linaloamua jioni nzima.

Hadithi zenyewe, kwa ufupi

Green Card ni ya mwaka 1990. Aliyeiandika na kuiongoza ni Peter Weir, ambaye ni Mwaustralia, na nadhani ndiyo maana anawatazama Mfaransa na Mmarekani kwa usawa. Brontë (Andie MacDowell) ni mtaalamu wa mimea jijini New York. Amependa fleti yenye banda la kioo la kuoteshea mimea, lakini wasimamizi wa jengo wanataka mpangaji mwenye ndoa. Georges (Gérard Depardieu) ni Mfaransa anayetafuta kibali cha kuishi Marekani. Rafiki anawakutanisha, wanafunga ndoa ya karatasi, wanaagana palepale. Kisha maofisa wa uhamiaji wanapiga hodi. Filamu hii ilipata tuzo ya Golden Globe katika kundi la vichekesho na muziki, na Depardieu akapata ya mwigizaji bora wa kiume katika kundi hilohilo.

French Kiss ilitoka mwaka 1995, mwongozaji Lawrence Kasdan, mwandishi Adam Brooks. Kate (Meg Ryan) ni Mmarekani anayeishi Toronto na anaogopa ndege kuliko kitu chochote duniani. Mchumba wake anakwenda Paris kikazi, halafu anapiga simu kusema amempenda mwingine. Kate anajikaza, anapanda ndege kumfuata. Kiti cha pembeni yake kuna Luc (Kevin Kline), Mfaransa mwenye masharubu na maneno mengi, ambaye anaficha vitu viwili ndani ya begi la Kate: kichipukizi cha mzabibu na mkufu wa almasi wa wizi.

2 Days in Paris, ya mwaka 2007, ni kazi ya Julie Delpy karibu yote: aliandika, aliongoza, alihariri, alitunga muziki, tena akaigiza kama Marion. Marion ni Mfaransa na mpenzi wake Jack (Adam Goldberg) ni Mmarekani. Wameishi pamoja New York miaka miwili. Wakitoka matembezi Venice wanapitia Paris kwa siku mbili, nyumbani kwa wazazi wa Marion, kumchukua paka wake.

2 Days in New York ya mwaka 2012 inaendelea na Marion yuleyule. Jack hayupo tena. Sasa anaishi na Mingus (Chris Rock), mwandishi na mtangazaji wa redio, na kila mmoja ana mtoto aliyemzaa kabla hawajakutana. Safari hii ukoo wa Marion ndio unaovuka bahari kuja kuwatembelea.

Nani mgeni, na ni mgeni wa nini

Katika Green Card, Georges ni mgeni wa serikali. Kuna tukio fupi ambalo kwangu ndilo filamu nzima. Maofisa wa uhamiaji wamekuja nyumbani kuwaangalia, Georges amejiweka kama mwenye nyumba, kila kitu kinakwenda sawa. Mmoja anaomba kwenda chooni. Georges anasimama na hajui mlango upi. Mume gani hajui choo cha nyumbani kwake kiko wapi? Kuanzia hapo inawabidi wajifunzane kama wanafunzi wa mtihani, siku chache kabla ya kuhojiwa kila mtu chumba chake: jina la krimu yake ya uso, tabia zake, ndugu zake, walikutana vipi. Wanapanda juu ya jengo na kupigana picha za likizo ambazo hawakuwahi kwenda.

Mtu aliyepitia mahojiano hayo, au mwenye dada au kaka aliyepitia, hatacheka kirahisi hapo. Sheria ya Marekani ya mwaka 1986 kuhusu ndoa za udanganyifu ndiyo iliyoweka kwamba mwenye ndoa changa apewe kwanza ukaazi wa masharti wa miaka 2, na anayefunga ndoa ya kukwepa sheria anaweza kufungwa hadi miaka 5 na kutozwa faini hadi dola 250,000. Halafu angalia majira: filamu ilianza kuonyeshwa Desemba 1990, wiki chache baada ya Rais George H. W. Bush kutia saini, tarehe 29 Novemba 1990, sheria ya uhamiaji iliyozaa ile bahati nasibu ya viza ambayo watu wa Dar, Nairobi na Kinshasa wameijaza kwa miaka mingi. Ndiyo maana jina la filamu hii halihitaji kufafanuliwa kwa mtu yeyote hapa kwetu. Na kuna jambo dogo linalonifurahisha kila ninapoitazama: mkahawa ambao Brontë na Georges wanakutania unaitwa Afrika.

Katika French Kiss, Kate ni mgeni wa njiani. Amefika Paris, ndani ya hoteli kubwa ya George V anaibiwa mizigo, anabaki bila pasipoti, na mtu pekee anayemjua ni mwizi. Mnara wa Eiffel uko kila mahali nyuma yake, kwenye kioo, juu ya paa, lakini kila unapotokea yeye ameshageuza shingo. Ni utani rahisi lakini una maana: mtu aliyeumizwa na mapenzi hafiki mji wowote, hata akiwa katikati yake.

Ila Luc naye ni mgeni, na hili watu hulipita haraka. Alipoteza urithi wake wa shamba la mizabibu kwa kaka yake kwenye kamari, na anarudi nyumbani kama mtu anayegonga mlango wa watu. Ule mche wa mzabibu aliouficha ni wa kutoka Marekani, anataka kuuchanganya na wa kwao. Hapo filamu imegusa historia ya kweli. Katika karne ya 19, kuanzia miaka ya 1860, mdudu mdogo anayeitwa filoksera aliingia Ufaransa kutoka Marekani akatafuna mizizi ya mashamba mengi mno. Dawa iliyopatikana ilikuwa kupandikiza mizabibu ya Kifaransa juu ya mashina ya Kimarekani, yenye mizizi inayomstahimili mdudu huyo. Hadi leo sehemu kubwa ya mvinyo wa Ufaransa inatoka kwenye mizabibu ya Kifaransa iliyosimama juu ya mizizi ya Kimarekani. Msomaji wa Dodoma mwenye shamba la zabibu ataiona filamu hii kwa jicho ambalo mimi wa mjini sina.

Kisha Jack wa 2 Days in Paris, mgeni wa ukweni. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jack anapewa jembe siku ya kwanza. Meza ya chakula cha mchana ni ya kutazamwa kwa makini: baba anakata sungura, mama anasukuma sahani, wote wanasema kwa pamoja, na Jack amekodoa macho kwenye nyama kama mtu aliyewekewa mtihani wa lugha asiyoijua. Anataka kukataa na hajui namna ya kukataa bila kukosea adabu. Kila aliyewahi kuketi ukweni mara ya kwanza, akapakuliwa kitu ambacho kwao hakiliwi, anaijua ile pumzi anayoivuta. Mzee huyohuyo ana mazoea ya kuchora kwa ufunguo magari yaliyoegeshwa juu ya njia ya miguu, na anafanya hivyo mkwe akimtazama. Na mitaani kila kona inamtoa mwanaume aliyewahi kuwa na Marion, akimsalimia kwa mabusu na mazungumzo marefu ambayo Jack hayaelewi.

Uzito wa tukio la mezani unatoka mahali pa kweli: wazazi wa Marion wameigizwa na wazazi hasa wa Julie Delpy, Albert Delpy na Marie Pillet, wote wawili waigizaji. Vile wanavyomkatiza binti yao havifundishwi.

Katika 2 Days in New York mambo yamegeuzwa. Wageni ni Wafaransa, mwenyeji ni Mingus, na siku hazijafika hata mbili yeye ndiye anayejiona mgeni ndani ya nyumba yake. Baba mkwe anacheleweshwa uwanja wa ndege kwa sababu amejaza soseji na jibini kwenye nguo na mizigo. Nilipoliona hilo nilimkumbuka mama yangu mdogo, aliyekwenda kumwona mwanawe ughaibuni na dagaa wa Kigoma wakachukuliwa mezani pa forodha mbele ya macho yake. Mikono mitupu hairambwi, na mzee wa Paris ana imani ileile: huendi kwa mwanao na sanduku la nguo tu. Filamu hii ina pengo pia. Marie Pillet alifariki mwaka 2009, na ndani ya hadithi mama yake Marion amekwisha kufa. Ukoo wote unapiga kelele kuzunguka kiti kimoja kitupu.

Lugha

Hapa tofauti ni kubwa, na ni vyema uijue kabla.

Green Card ni Kiingereza karibu chote. Depardieu ndiyo kwanza alikuwa anaingia kwenye nafasi kubwa ya Kiingereza, na unasikia kabisa kwamba anayatafuta maneno. Lafudhi ile si ya kuigiza. Sehemu nzuri kuliko zote za lugha ni ile karamu ya matajiri, ambako Georges, aliyejitambulisha kama mtunzi wa muziki, anaombwa apige piano. Anagonga vitufe kwa fujo mpaka watu wanaganda. Halafu anapunguza sauti na kuanza kusema maneno ya taratibu kwa Kifaransa kuhusu miti na watoto, na mama mwenye nyumba anawatafsiria wageni wake huku sauti ikimtetemeka. Brontë anasikiliza maneno ya mumewe wa karatasi kupitia kinywa cha mtu mwingine. Nimeirudia sehemu hiyo peke yake mara nyingi.

French Kiss nayo ni ya Kiingereza, Kifaransa kimetiwa kama chumvi. Kevin Kline ni Mmarekani wa St. Louis, na Ufaransa wake ni wa kujifunza: lafudhi, mabega, mdomo. Mtu anayetaka Mfaransa halisi anaweza kusikia kasoro. Mimi naona alimpenda mtu aliyemwigiza, na upendo huo unafunika mengi. Ukifika mwisho usizime haraka, anaimba kwa Kifaransa majina yakipita.

Filamu mbili za Delpy zinataka msomaji. Kifaransa ni kingi, cha kasi, cha mitaani, na bila maandishi ya tafsiri utapotea. Lakini kupotea kwa Jack ndiyo hadithi yenyewe. Marion ni mkalimani wake, na mkalimani mwenye siri huchagua la kusema. Wewe unasoma maandishi chini ya skrini, kwa hiyo unajua alichosema baba na unajua Jack ameambiwa nini. Hapo katikati ndipo kicheko kilipo, na uchungu vilevile. Nilipoitazama na shemeji yangu wa Bujumbura, yeye alikuwa anacheka kabla maandishi hayajatokea. Dakika moja mimi nilikuwa Jack, yeye Marion. Watu wa Bukavu, Goma, Bujumbura na Kigali wenye Kifaransa cha shule watapata humo vitu ambavyo sisi wa pwani tunavisoma tu.

Katika ile ya New York, Mingus naye hana Kifaransa, lakini nyumba ni ndogo na watu ni wengi, lugha mbili zinapishana hewani bila kusubiriana. Inachosha, na nadhani Delpy alitaka ichoshe. Kama macho yako hayapendi kusoma huku yakitazama, hii itakushinda kabla ya ile ya Paris.

Kicheko, na kama mapenzi yenyewe yanaaminika

French Kiss inachekesha kwa mwili: Kate kwenye kiti cha ndege, Kate asiyeweza kula maziwa akizidiwa na jibini ndani ya treni, Kate akianguka juu ya toroli la vitindamlo. Watu wa rika zote wanaelewa. Mapenzi yake yanafuata njia inayojulikana, na hilo halinisumbui, kwa sababu kuna kituo kimoja ambapo filamu inatulia. Luc anamwonyesha Kate sanduku alilotengeneza akiwa mwanafunzi, lenye vichupa vya harufu za mimea ya kwao. Kabla ya hapo anamwonjesha mvinyo na kumuuliza anasikia nini. Halafu anamnusisha majani, na Kate anaporudia kuonja anasikia kitu ambacho dakika tano nyuma hakikuwepo. Hakuna busu katika tukio hilo. Mtu anafundishwa harufu ya nyumbani kwa mwenzake.

Green Card inachekesha kwa upole. Kuna wanaoiona imepoa, na kweli saa nzima ya kwanza haina haraka. Lakini ndiyo inayojibu swali ambalo nyingine haziligusi: je, ukikariri maisha ya mtu ili umdanganye ofisa, unaweza kuyakariri bila kumpenda? Wanaanza na orodha ya majibu, wanaishia na mambo ambayo hayakuulizwa.

2 Days in Paris ndiyo inayosema ukweli mwingi kuhusu wapenzi waliokwisha kuzoeana. Hawa hawakutani, wamekutana zamani. Swali lao ni kama wanajuana. Jack ana wivu, hofu ya magonjwa na ulimi mkali. Mwanzoni kabisa, kwenye foleni ya teksi, anawaelekeza watalii wenzake Wamarekani njia isiyo sahihi ya kwenda Louvre ili foleni ipungue. Marion ana hasira isiyosubiri, na anamkabili dereva wa teksi mbaguzi mpaka unaogopa watashushwa njiani. Hakuna aliyepambwa. Delpy alizaliwa Paris, akachukua uraia wa Marekani mwaka 2001, na anazisema nchi zote mbili kama mtu anayesema ndugu zake: ubaguzi wa Paris ameuonyesha wazi bila kuufunika kwa mvinyo na taa za usiku. Ukitaka kufarijiwa, si hapa. Ukitaka kujitambua, ni hapa.

Ile ya 2012 ina kelele zaidi na mshono wake umelegea. Kuna hadithi ya maonyesho ya picha ambapo Marion anauza roho yake kwa mkataba, kuna uongo kwa jirani kuhusu ugonjwa, na si vyote vinashikana. Kinachoibeba ni Chris Rock. Humu yeye ndiye mtulivu, na utulivu wake unauma. Akielemewa anajifungia na kuzungumza na sanamu ya Barack Obama iliyokatwa kwenye karatasi ngumu, wakati huo rais kazini, kama mtu anayemweleza kaka mkubwa. Huku kwetu, ambako Kogelo, kijiji cha baba yake Obama, si jina geni, mazungumzo hayo yana ladha ya ziada. Tena filamu hii inaweka mezani jambo ambalo nyingine tatu hazina: mkwe mweusi na wakwe weupe wanaojiona hawana ubaguzi, huku maneno yao yanasema vingine.

Nani awepo sebuleni

Huko Marekani Green Card na French Kiss ziliwekewa alama ya PG-13 (tahadhari kwa walio chini ya miaka 13), na zile mbili za Delpy alama ya R (walio chini ya miaka 17 wawe na mtu mzima). Kwa lugha ya nyumbani: French Kiss unaweza kuiweka mbele ya wazazi na vijana, ukiwa tayari kwa jina lake, mabusu na maneno machache ya chumbani. Green Card ni tulivu zaidi ya hapo. Mama mkwe wa Tanga angekaa nayo mpaka mwisho.

2 Days in Paris ina maneno ya ngono tangu mapema, ina picha ya Jack ambayo haipaswi kuonekana na watoto, na inagusa, kwenye ugomvi mkubwa wa mgahawani, habari za mwanaume aliyekwenda Asia kutumia wasichana wadogo. 2 Days in New York ina mambo ya chumbani, mgeni anayemwita muuza bangi ndani ya nyumba yenye watoto, na dada yake Marion anayetembea na nguo pungufu. Hizi ni za watu wazima, tena watu wazima wanaoweza kutazamana usoni baada ya kuzitazama.

Kuna jambo la Depardieu ambalo sitalipita. Mei 2025 mahakama ya Paris ilimkuta na hatia ya kuwashambulia kingono wanawake wawili wakati wa kutengeneza filamu nyingine, ikampa kifungo cha miezi 18 cha nje, naye akakata rufaa. Kuna watu, hasa wanawake, ambao hawawezi tena kumtazama akiigiza mpenzi mpole, na sitamshawishi yeyote kati yao. Kama wewe ni mmoja wao, iache Green Card na uchague katika tatu zilizobaki.

Kwa hali yako

Kama ni jioni ya familia na hujui nani ataingia mlangoni, weka French Kiss. Iweke pia kama umeachwa hivi karibuni na unataka kucheka bila kuulizwa maswali, au kama hupendi kusoma maandishi chini ya skrini.

Kama wewe au mwenzako mko kwenye foleni ya karatasi za uhamiaji, au mnatenganishwa na bahari, Green Card itazungumza nanyi kuliko nyingine yoyote. Itazameni usiku, bila simu, kwa sababu mwendo wake ni wa taratibu. Kijana anayetaka vichekesho vya mfululizo ataondoka kabla ya karamu ya piano, na atakuwa amekosa kitu.

Kama mmekwisha kuishi pamoja na mmoja wenu ni wa lugha nyingine, dini nyingine au kabila lingine, nunueni karanga mkae na 2 Days in Paris wawili tu. Mtasimamisha filamu katikati mjadiliane. Kama ndio kwanza mnachumbiana, ningewashauri msubiri kidogo. Na kama safari ya kwenda kutambulishwa ni wiki ijayo, itazame ukisharudi.

Kama una watoto wa ndoa iliyopita na mwenzako naye anao, kama ndugu wa upande mmoja wamezoea kuja bila kusema wataondoka lini, au kama wewe ndiye mweusi pekee kwenye meza ya wakwe huko Lyon, Brussels au Minneapolis, chukua 2 Days in New York pamoja na kasoro zake. Si lazima uwe umeiona ile ya Paris, ingawa ukianza nayo utamjua yule mzee mapema, na soseji zake hazitakushangaza.

Na kama mna jioni mbili mfululizo, zile mbili za Delpy ziwekwe kwa mpangilio wake, Paris kwanza. Kile kiti cha mama utakijua kilikuwa cha nani.